Kalamu ya Mama Itifaki

Kiti cha kwanza nilichomtengenezea alikirudisha siku hiyo hiyo. Alikuja nacho kwa bodaboda mpaka karakana yangu, amekikumbatia, na mkononi ana rula ya shule.

"Fundi," akasema, "hiki kimewazidi wenzake wa nyumbani kwa nusu sentimita."

Nikamwambia hakuna mgeni atakayeiona nusu sentimita. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi: "Hataiona, lakini ataijua. Mtu akikaa chini ya mwenzake anajua, hata kama macho hayajamwambia." Nikaipunguza huku nimenuna. Nilikuwa fundi wa miaka mingi pale Musoma na sikuzoea kufundishwa useremala na mama wa watu.

Makoko nzima, mtaa wetu, ilimwita Mama Itifaki. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani Itifaki ni mwanawe wa kwanza, na kwa miezi kadhaa nikawa namuuliza hali ya mtoto. Alikuwa akinijibu hajambo, anaendelea vizuri. Siku nilipogundua kwamba hakuna mtoto wa jina hilo, nilimuuliza kwa nini alinyamaza, akasema hakutaka kunivunjia salamu.

Kazi yake, kabla ya kustaafu na kuja kukaa jirani na ziwa, ilikuwa hiyo itifaki yenyewe. Alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya nje. Yeye ndiye aliyejua nani akae wapi, bendera ipi ianze, mgeni gani hali nyama gani, na chai iingie saa ngapi. Miaka yake mingi aliimalizia katika mji mmoja wa baridi huko ng'ambo, ambako nchi nyingi zilikutana kila mwaka kujadili mkataba wa kupunguza silaha. Si yale mabomu makubwa ya kumaliza dunia. Ni bunduki, mizinga, vifaru na risasi zake, vitu ambavyo kwenye makaratasi huitwa silaha za kawaida. Jina hilo lilimchekesha na kumkera kwa pamoja. "Kawaida kwa nani?" aliniuliza mara nyingi, utadhani mimi ndiye niliyelitunga.

Sharti la mkutano ule lilikuwa wote wakubali. Akikataa mmoja, kazi ya mwaka mzima inafungwa kwenye faili. Mwaka wa kwanza mambo yalipokaribia kuiva, mkubwa wake akamtuma kununua kalamu nzuri ya kusainia. Akazunguka mji ule wa baridi, akapata kalamu nyeusi ya wino yenye kifuniko cha kuzungusha. Akaileta ukumbini, akaiweka mezani kwenye kitambaa cheupe. Jioni nchi moja ikasema hapana. Mkubwa akamwambia, "Itunze, tutasaini mwakani." Mwakani ikawa nchi nyingine, safari hii kwa sababu haikukubaliana na hesabu ya vifaru vya jirani yake. Mwaka uliofuata wakabishana kama gari la kubeba chakula cha askari nalo ni silaha. Akaitunza kalamu ile miaka kumi na minne, mpaka mkubwa mwenyewe akafa, mpaka yeye akastaafu. Akarudi nayo Musoma, haijawahi kugusa karatasi.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi aliiosha. Alichemsha maji, akayaacha yapoe kidogo, akaifungua kalamu vipande vipande kwenye bakuli, akaikausha kwa kitambaa, akaitia wino mpya. Mimi nilimwona mara nyingi, maana Jumapili ndiyo siku niliyopita kumpelekea furu wa kukaanga, samaki ambaye alisema alimkumbuka huko ng'ambo kuliko ndugu zake. Nilipomuuliza anaiosha ya nini, akasema, "Mkataba unaweza kukubaliwa ghafla, Fundi. Itakuwa aibu ukutane na kalamu isiyoandika." Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikajua nimegusa mahali panapouma.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mcheshi, na mambo yake yalikuwa yanatuchosha kwa vicheko. Msiba ukitokea Makoko, kabla turubai halijafungwa yeye ameshapanga viti. Wakwe huku, majirani kule, na yule mjomba mwenye maneno mengi mbali na birika. Siku moja tulisafiri pamoja kwenda Ukerewe kwenye harusi, tukakuta foleni ya kivuko pale Kisorya imekuwa vurugu tupu. Watu, mbuzi, magunia na pikipiki vyote vinataka kuingia kwa mlango mmoja. Mama Itifaki akashuka garini, akasimama pale mbele na mkoba wake, na ndani ya dakika kumi kila mtu alikuwa kwenye mstari. Mbuzi nao walikuwa kwenye mstari. Kijana mmoja wa kivuko akamuuliza, "Mama, wewe ni mkubwa wa wapi?" Akamjibu, "Mimi si mkubwa. Nimewaambia tu kwamba wote wataingia." Alisema watu husukumana kwa sababu hiyo moja, hawajaambiwa kwamba wote wataingia.

Redio yake ilikuwa haizimwi saa ya habari. Ikitangazwa kwamba mazungumzo fulani ya silaha yamekwama tena, alitikisa kichwa na kusema, "Hawajapewa chai." Kwake kikao hakikuwa kimevunjika kamwe, kilikuwa kimepumzika. Na mkwamo, alisema, si ugomvi hata kidogo. Ni watu wanaoogopana kwa adabu.

Lakini mpatanishi huyu wa mataifa alikuwa na kesi na jirani yake. Mpaka wao ulikuwa ua wa minyaa, na minyaa ile ilikuwa imesogea hatua moja upande wa Mama, au haikusogea, inategemea umemuuliza nani. Jirani alikuwa mzee mstaafu mpole aliyewahi kuuza nyavu. Kwa miaka sita hawakukubaliana. Nilimwambia, "Mama, hatua moja tu, mpe." Akanitazama kama nimemtukana. "Fundi, wewe hujui diplomasia." Na chini ya kitanda chake, mwanamke huyu aliyetumikia mkataba wa silaha maisha yake yote, kulikuwa na panga lililonolewa. Niliitengeneza chaga ya kitanda kile, ndiyo maana najua.

Habari ya vijiji viwili niliileta mimi, na nilikuwa na sababu yangu. Mke wangu ni wa kijiji kimoja kilichoko kati ya Butiama na Bunda, bondeni. Dada yake mkubwa ameolewa kijiji cha jirani, mlimani. Ugomvi wa vijiji hivi ulianza na ng'ombe watatu walioibiwa, ukaendelea na wale walioibiwa kulipiza, ukafika kwenye mishale. Vijana wawili walilazwa hospitali, mmoja hadi leo anachechemea. Kwenye mpaka wao kuna josho la ng'ombe, na kwa misimu miwili ya mvua hakuna aliyethubutu kwenda kuogesha. Kupe wakajaa, ndama wakafa pande zote mbili. Na mke wangu kwa misimu hiyo miwili hakumwona dada yake. Walisalimiana kwa simu tu, kila mmoja akijifungia ndani ili asisikike.

Mtendaji wa kata alijitahidi. Wazee wa pande zote walikubali mishale na mikuki iletwe na ifungiwe ofisini kwake. Walikubaliana kila kitu isipokuwa nani aanze. Kwao anayetua silaha kwanza ndiye aliyeshindwa, na wimbo wa kushindwa kwake utaimbwa kwenye harusi za wenzake mpaka wajukuu wakue. Nilipomsimulia Mama Itifaki, aliacha furu wake kwenye sahani. Hajawahi kumwacha furu. Akaniuliza, "Mpaka sasa wamekwama kwenye hilo tu?"

Tukaenda. Alikaa na wazee pale josho siku nzima, kwenye viti vyangu vilivyolingana miguu, chai ikaja kabla ya ajenda.

"Mama, hawa tunawajuaga," akasema mzee wa mlimani, mrefu, mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. "Ukitua mshale tu, kesho unasikiaga wimbo."

"Hata sisi hatuanzi," akajibu mzee wa bondeni, mfupi, ambaye kwa undugu wa mke wangu namwita baba. "Kwani babu zetu walianzaga?"

Wakabishana na suala la panga. Panga ni silaha au ni jembe? Nilimwona Mama Itifaki akijifunika mdomo kwa kitenge. Baadaye aliniambia alidhani amerudi ukumbini, zimekosekana bendera tu. Likaamuliwa kwamba panga libaki nyumbani na shambani, ila lisionekane joshoni. Kuhusu nani aanze, akaniagiza sanduku refu la mbao lenye milango miwili, mmoja kila upande, ili wote waingize kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nilipoharibu. Fundi seremala akiona sanduku refu, mkono wenyewe unataka kuweka ubao wa katikati. Nikauweka. Niliwaza kwamba mishale isichanganyike, kila kijiji kihesabiwe chake, kazi iwe safi. Sikumwonyesha mpaka siku yenyewe, na siku hiyo alipouona akanitazama hivi, akasema tu, "Umewajengea ukuta, Fundi."

Muda ukawa umekwenda. Wazee wakajipanga, kila upande kwenye mlango wake, vifurushi vimefungwa kwenye magunia. Mtendaji akahesabu moja, mbili, tatu. Magunia yakaingia kwa pamoja, watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha mtendaji akafungua ili ahesabu. Upande wa bondeni mlikuwa na mishale minne juu, na chini yake matete ya ziwani yaliyokatwa vizuri. Akazunguka, akafungua wa mlimani. Mishale mitatu, na mabua ya mtama.

Niliona mikono ikitafuta mapanga ambayo yaliachwa nyumbani. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kukimbilia.

Mama Itifaki akasimama, akachukua tete moja na bua moja, akavinyanyua wote wavione. "Wazee wangu," akasema, "leo mmekubaliana kwa mara ya kwanza. Wote mmedanganya. Tuanzie hapo."

Bibi mmoja wa bondeni akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Yule mzee wa koti la mvua akafuata. Mwisho josho zima lilikuwa linacheka, na wengine wakawa wanataniana nani kakata mabua ya shamba la nani. Nami nikaamriwa nitoe msumeno, nikautoa ule ubao wangu mbele ya watu wote, jasho linanitoka.

Kabla ya kutawanyika, mzee wa bondeni akamuuliza, "Na wewe Mama, kwako huko Makoko hakuna panga?"

Angeweza kukwepa. Akasema, "Lipo. Chini ya kitanda."

"Unamwekea nani?"

Akafikiri. "Simjui. Hajawahi kuja."

Wiki iliyofuata, sanduku likiwa halina ubao wa katikati, aliyetua kwanza alikuwa Mama Itifaki. Alitoa panga lake kwenye mkoba, limefungwa gazeti, akaliweka katikati. Basi tena, hakuna kijiji kilichoanza. Mishale ikaanguka juu yake kutoka pande zote, nami niliyetengeneza sanduku nikasikia mbao zikilia kwa uzito.

Ikabaki kusaini. Siku ikapangwa, Jumamosi, pale pale josho. Sijawahi kumwona mtu akifurahi kwa utaratibu namna ile. Alishona kitambaa cheupe cha meza. Akaandika nakala mbili, kwenye moja jina la mlimani likaanza, kwenye nyingine la bondeni, ili kila kijiji kiwe cha kwanza kwenye karatasi yake. Akakataa kalamu ya pili. "Kalamu mbili ni watu wawili waliokaa meza moja tu," akasema. "Kalamu moja lazima mpeane mkononi." Akaagiza pia simu zote ziwekwe kwenye ungo, maana mtu akijua anapigwa picha haandiki jina, anatengeneza sura.

Siku tatu kabla, aliteleza bafuni. Goti likavimba kama boga, daktari akamkataza safari. Nilipofika nilimkuta kitandani, uso ameugeuzia ukutani. Ni mara ya pekee niliyomwona akilia. "Fundi," akasema, "mkataba mmoja tu. Nilitaka nione mmoja tu."

Akanipa kalamu kwenye kijisanduku chake.

Jumapili asubuhi nikarudi Makoko, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nilitembea taratibu kuliko kawaida, kwa sababu sikuwa na ile kalamu. Nikamkuta sebuleni, mguu juu ya stuli, birika linachemka kwenye jiko la gesi, bakuli na kitambaa vimeshawekwa mezani. Alinitazama mikono.

"Iko wapi?"

"Mama, ngoja nianze mwanzo."

"Ukianza mwanzo, basi imepotea."

Nikaanza mwanzo hata hivyo. Picha haikuwepo hata moja, kwa amri yake mwenyewe, kwa hiyo alinifanya nilete vikombe kutoka kabatini. Kikombe cha bluu kikawa mzee wa mlimani, cha maua kikawa mzee wa bondeni, bakuli la sukari mtendaji. Alivisogeza kwa ncha ya kidole mpaka vikakaa walipokaa wao. Akauliza jua lilikuwa upande gani. Akauliza chai ilikuja saa ngapi. Nikamwambia ilikuja kabla ya ajenda, akashusha pumzi.

"Kisha?"

Kisha wote wakabaki wanaitazama kalamu. Chai ikaanza kupoa. Mzee wa mlimani akaichukua, na watu wa upande wake wakaguna, maana sasa ameanza. Lakini kifuniko kikamshinda. Akavuta, akavuta, akajaribu kwa meno. Akamsogezea mwenzake, "Hebu jaribu wewe." Mzee wa bondeni akavuta naye, kisha akazungusha, kikafunguka. Akamrudishia. Yule akasaini, akampa, huyu akasaini, wakabadilishana karatasi, wakasaini tena. Ulipozuka ubishi wa nani ameanza, aliyeshika au aliyefungua, hakuna aliyeweza kuutatua, na mpaka leo wimbo haujatungwa.

"Ulikikaza kifuniko makusudi?" nikamuuliza.

"Mtu wa itifaki anapanga viti," akasema. "Iliandika vizuri?"

"Iliandika kama maji, Mama. Haikukwaruza hata mara moja."

Akafumba macho. Kidole kimoja akakiacha kwenye kikombe cha maua. Nikaona nimalizie lililobaki. Baada ya kusaini, nilinyoosha mkono nichukue kalamu, wazee wote wawili wakanizuia, kila mmoja anaitaka kwake. Mlimani wakasema ikienda bondeni mkataba umeibiwa. Bondeni wakasema ikienda mlimani ni hivyo hivyo. Mtendaji akataka kuiweka ofisini, wakamkatalia kwa sauti moja. Wakakubaliana ikae mwezi huku, mwezi kule, na aliyenayo ailete mwenyewe joshoni siku ya kuogesha ng'ombe, imeoshwa na ina wino, ndipo ng'ombe waingie.

"Mwezi wa kwanza inaanza kwa nani?"

"Bado wamekwama hapo. Wanakutana Alhamisi."

"Na sasa hivi ipo wapi?"

"Kwa shemeji yangu. Amezaliwa bondeni, ameolewa mlimani, wakaona huyo ni wa wote. Mke wangu amebaki naye. Amekataa kurudi mpaka Alhamisi."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika goti, akasema uwii, akaendelea kucheka, na machozi yakawa yanamtoka bila kuyafuta. Mimi nikaomba radhi. Nikamwambia haitarudi tena, nimempotezea kitu alichokitunza miaka yote ile.

"Umenipotezea nini?" akasema. "Ningeiosha mpaka lini?"

Birika likaanza kurusha kifuniko. Akaligeukia, akalitazama bakuli tupu na kitambaa. "Sasa haya maji nimemchemshia nani?"

Nikatia majani. Maziwa hayakuwepo. Akaita kwa sauti kupitia dirishani, na baada ya muda jagi la maziwa likapitishwa juu ya minyaa, mkono wa yule mzee wa nyavu ukiwa umelishika. "Mwambie asante," akasema, "lakini ua wake bado." Nikaenda kulipokea. Mzee akaniambia nimwambie na yeye bado.

Niliporudi, vikombe vilikuwa palepale, mlimani na bondeni, kwa umbali sawa kutoka ukingo wa meza. Nikainua birika.

"Anza na cha maua," akasema. Kisha akasita. "Hapana, watasema ni kwa sababu ya mkeo. Mimina vyote kwa pamoja."

"Mama, birika ni moja."

Akalitazama birika, akavitazama vikombe. Akajiegemeza kwenye kiti nilichomtengenezea.

"Basi mimina popote, Fundi. Wameshasaini."